Kidude, Neno la Watu Wawili

Iko siku moja, mwanangu, kichwa changu kimekataa kuiachia, ingawa mambo mengine mengi kimeyatupa bila kuniuliza. Siku hiyo mjomba wa mke wangu alikuja kwetu Mengo kula chakula cha mchana, akakuta nimebandika plasta kwenye kila kitu ndani ya nyumba. Plasta ile nyeupe ya kidonda. Nimekata vipande, nimeandika majina kwa peni, nimebandika. Redio ina jina, tochi ina jina, pasi ina jina, swichi ya ukutani ina jina. Nyumba nzima ilionekana kama imetoka kupigana.

Nitakwambia ilikuwaje, lakini ngoja kwanza nikae vizuri. Mgongo wangu siku hizi unataka kushauriwa kabla ya kila jambo.

Mimi naitwa Musa. Shule nilifika Senior Two, yaani kidato cha pili. Senior Three iliniangalia, na mimi nikaiangalia, tukaachana kwa amani. Nikaenda soko la Owino, nikapata kazi kwenye kibanda cha kuuza redio zilizotumika na spea zake. Huko ndiko nilijifunza majina. Banange, nilipenda majina! Kapasita, transista, fyuzi, adapta. Wenzangu walirudi kutoka chuo kikuu na digrii, mimi nilirudi kutoka Owino na neno kapasita, na nilitembea nalo kifua mbele kama cheti.

Sasa mke wangu Hadija, Mungu amrehemu, yeye majina hayakumshughulisha. Alikuwa Mnubi kama mimi, sisi wajukuu wa wale askari walioletwa zamani kutoka Sudani, na kwetu Kinubi na Kiswahili vinalala kitanda kimoja. Kwa Hadija, kila kitu kidogo chenye waya, betri au kifungo kilikuwa kidude. "Musa, nipe kile kidude." Hiyo ni tochi. "Musa, kidude kimeisha moto." Hiyo ni betri. "Musa, nani amekalia kidude?" Huyo ni mimi, na antena ya redio ndiyo imevunjika.

Na jambo hili wakati ule sikuliona: sikuwahi kumpa kitu ambacho sicho. Mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe.

Lakini siku moja aliniletea chakula kibandani, akasema mbele ya vijana wote, "Musa, usisahau kile kidude cha jana." Nikajibu, "Nimekiweka kwenye mfuko." Wakashika matumbo. "Heee! Profesa wa kapasita, kumbe nyumbani ni vidude tu!" Waliniita Profesa Kidude mpaka jioni. Nikapita duka la dawa, nikanunua plasta.

Huyo mjomba wake alikuwa anaitwa Mzee Rajabu. Alikuwa polisi mstaafu. Kazi yake yote aliifanya kule kilimani Naguru, kwenye zile redio za kuitana. Mtu mrefu, mkavu, akicheka anacheka kwa pua tu. Hadija alitandika mkeka, akaweka kisira, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa bamia chini ya tabaga, kile kifuniko chetu cha kusuka cha rangi nyingi. Mzee hakuinua tabaga. Alikuwa anaisoma nyumba.

"Musa, umefungua duka?"

"Hapana, mzee. Namfundisha mpwa wako majina ya vitu."

"Mwalimu wa Senior Two."

"Ndiyo, mzee."

"Na hapa umeandika nini? Ledio?"

"Redio, mzee."

"Imeandikwa ledio."

Wewe unajua, hapa Kampala ulimi wetu haujawahi kuzitenga hizo herufi mbili, na peni yangu ilifuata ulimi. Huko jikoni nilimsikia Hadija anakohoa, na hakuwa na kikohozi.

Mzee akaita, bila kugeuza shingo. "Hadija! Niletee kile kidude."

Hadija akatoka jikoni. Akaipita redio, akaipita tochi, akaenda mpaka mlangoni ambapo koti la mzee lilikuwa limetundikwa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijiredio chake kidogo cha kusikilizia habari. Saa ya habari ilikuwa inakaribia. Akakiweka kwenye kiganja cha mzee, akarudi kwa bamia yake.

"Huyu nani amemwandikia?" mzee akaniuliza.

Nikaanza kuhesabu plasta za ukutani. 

Ndipo akanieleza hilo neno lilikotoka. Alisema yeye hajui vitabu vinasema nini, anajua tu lilivyofika kwao kambini. Kulikuwa na Mwacholi, Mlugbara, Mteso, Muganda, Mnubi, wote kwenye chumba kimoja. Mashine zinakuja ndani ya masanduku. Afisa anazitaja kwa Kiingereza mara moja, mbiombio, halafu anaondoka. Kila mtu ana lugha yake, na katika lugha yake hicho kitu bado hakijazaliwa. Muganda anasema akuuma, kachuma kadogo. Mlugbara analo lake. Mnubi analo lake. Na kazi inangoja. Basi mnakiita dude. Kikiwa kidogo, kidude.

"Dude ni kitu ambacho bado hamjatambulishwa," akasema. "Ukikiwekea ile ki mbele, ni kama umekiambia, haya, ingia, kaa na sisi."

Baadaye sana nilimuuliza mwalimu mmoja wa Kiswahili. Akaniambia pengine dude na mdudu ni ndugu, kwa sababu vyote viwili unaviona vinasogea na hujui uviite nini. Sijui. Sisi Senior Two hatukufika hapo. Siku hizi kwenye redio nasikia wanasema kidubwasha, neno lenye miguu mingi kuliko mdudu mwenyewe. Vijana wa mjini wanasema gajeti. Waseme. Mimi nilibaki na la Mzee Rajabu, kwa sababu ya kile alichosema baada ya hapo.

"Nilikaa meza moja na Okello mpaka nywele zetu zikaanza kuondoka," akasema. "Nikinyoosha mkono nikasema kidude, alikuwa anajua ninataka nini. Bisibisi, betri, kile cha masikioni. Hakuwahi kuuliza kipi. Halafu wakamhamisha. Asubuhi nikakaa kazini, nikanyoosha mkono, nikasema kidude. Kijana mgeni akanipa kijiko."

Mimi nikaanza kucheka. Nikamwangalia, nikaacha.

"Ukafanya nini, mzee?"

"Nilikoroga chai. Ningefanya nini?"

Ndipo akainua tabaga. Kabla hajagusa chakula akasema, "Musa, mtu anayeishi peke yake ndiye anahitaji majina. Nyumba ya watu wawili haiandikwi. Hizo plasta, bandua."

Mimi sikubandua. Nilikuwa kijana, na kijana akiambiwa ukweli kwanza anatafuta mahali pa kuuweka ambapo hautamsumbua. Aliyebandua ni Hadija. Kilikuwa kiangazi, visigino vyake vimepasuka, akazichukua plasta zangu moja moja akaziba nazo. Basi mke wangu akatembea Mengo yote, kisigino kimoja kinasomeka LEDIO na kingine kinasomeka PASI. Majirani walidhani ni matangazo.

Tukaishi hivyo, mwanangu. Vitu vilibadilika, neno halikubadilika. Kaseti ikawa kidude, ikaja simu ikawa kidude, ikaja rimoti ikawa kidude. Wakati mwingine alikuwa hata halimalizi. Anasema "kid..." na mimi nishampa.

Halafu Hadija akaondoka.

Watu walijaa nyumbani, wakasoma dua, wakala, viti vya kukodi vikachukuliwa, na nyumba ikabaki na ukubwa ambao sikuwahi kujua inao. Mchana mmoja nilikuwa natazama mpira kwenye tivi. Sauti ilikuwa chini. Nikanyoosha mkono upande wake, macho yangu bado kwenye mpira, nikasema, "Kidude."

Mkono ulikaa hewani. Sikuushusha upesi. Niliona kama nikiushusha, basi nimekubali. Mwishoni bega ndilo lilichoka, kwa sababu bega halijui msiba. Goli lilifungwa na sikuliona, na hadi leo sijui ni nani alifunga.

Mtoto wetu ni mmoja, Zaitun. Yeye yuko Dubai, anafanya kazi hotelini. Ni mtoto mzuri, usije ukamsema. Mama yake alipokufa akaanza kunitumia vitu. Feni inayojizungusha. Taa inayowaka ukipiga makofi, ambayo jirani wa pili akipiga chapati inawaka. Mashine ya kupima presha. Mashine ndogo ya kupima sukari, maana sukari ilishanipata. Alipokuja kwenye arobaini ya mama yake aliniona nachanganya rimoti, nabonyeza ya feni naiangalia tivi. Akakata karatasi za kunata, akaandika kwa herufi safi za mtu aliyemaliza shule: TIVI. FENI. PRESHA. SUKARI. REDIO, na R yake kabisa.

Nilimshukuru. Nilikaa nikazitazama hizo karatasi, nikamkumbuka Mzee Rajabu na bamia yake. Nilitaka kumsimulia Zaitun, lakini nikaona ndege inamngoja.

Mgeni mmoja aliona kile kiboksi kimeandikwa SUKARI, akakivuta karibu na chai yake, akaomba kijiko. Hicho ndicho kichekesho pekee ambacho zile karatasi zilinipa. Kila Ijumaa Zaitun alikuwa anapiga simu. "Baba, nikutumie nini?" Namjibu, "Hakuna, mwanangu, nina kila kitu." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa na kila kitu.

Huko nyuma ya nyumba nina muzigo mmoja, chumba cha kupangisha. Anakaa humo Mama Neema, Mkongo, alikuja na vita vya kwao akabaki. Anauza vitenge Owino. Mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu tu. "Papa Musa, uko muzima?" "Muzima, mama." Basi, kila mtu kwake. Mimi nilikuwa nakaa asubuhi kwenye jua, kwenye jiwe la kufulia karibu na bomba, najichoma kidole napima sukari. Yeye anafua. Sikudhani ananiona.

Asubuhi moja nilijidunga dawa ya sukari, kisha nikasahau kula. Ukiishi peke yako hakuna anayekuuliza umekula, na tumbo lenyewe linachoka kukumbusha. Nikaanza kutokwa jasho. Mikono inatetemeka. Nikajua, hii ni sukari, imeanguka, lazima nipime. Nikafika kwenye kile kiboksi. SUKARI. Nikafungua. Hakuna kitu ndani. Boksi lina jina lake zuri, na tumbo tupu kama langu.

Nikampigia Zaitun.

"Baba! Leo si Ijumaa. Kuna nini?"

"Kidude sikioni."

"Kidude gani?"

"Kile kidude."

"Rimoti?"

"Hapana."

"Chaja?"

"Hapana, Zaitun. Kidude! Kidude!"

"Baba, sema jina. Niliandika majina yote. Soma jina."

Nilijaribu, mwanangu, Mungu ni shahidi. Karatasi nilikuwa nimeishika mkononi. Herufi zilikuwa zinaogelea. Mimi, Profesa wa kapasita, majina yote yalikuwa yameniacha, limebaki lile moja la Hadija. Na Zaitun kule alianza kutaja kila kitu alichonitumia, kimoja kimoja, sauti inapanda. Labda alikitaja na chenyewe. Mimi nilishaacha kusikia. Simu iliteleza ikawa inaongea na goti langu.

Mlango ukafunguka. Mama Neema, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Mkono mmoja ameshika kikombe cha chai, mwingine ameshika kile kidude.

Hakuuliza kipi.

"Papa Musa, kunywa kwanza."

"Kile kid..."

"Kale kantu kako hapa. Ulikaacha ku jiwe jana, nikakaficha mvua isikalowanishe. Kunywa. Utajichoma kisha."

Chai ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko. Nikanywa. Akanishikia kikombe kwa sababu meno yangu yalikuwa yanapiga ngoma kwenye ukingo wake. Dunia ikarudi pole pole, kwanza ukuta, kisha dirisha, kisha uso wake.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Kila asubui unakaa pale ku bomba, unajichoma, unakatukana. Leo sikusikia unakatukana. Halafu nikasikia unaita kidude, kidude. Nikasema, papa iko na shida."

Kutoka kwenye goti langu ikatoka sauti. "Nani huyo? Baba? Nani huyo? Amejuaje?" Mama Neema akaokota simu, akaipangusa povu, akaniwekea sikioni. Nikasikia Zaitun analia. Dubai ni mbali, lakini kile kilio kilifika kizima, hakikupungua njiani.

"Mwanangu," nikamwambia, "usilie. Kimepatikana."

"Mimi nilikinunua, Baba," akasema. "Mimi ndiye nilikinunua, na sikujua unasema kipi."

Ndipo nikamsimulia Mzee Rajabu, Okello na kijiko. Hakucheka.

Alipopata likizo alikuja. Safari hii hakuleta kitu, ila nguo zake. Asubuhi ya kwanza nikamwambia, "Zaitun, niletee kile kidude." Akaniletea rimoti. Nikatikisa kichwa. Akaleta miwani. Nikatikisa kichwa. Nikafungua mdomo nimsaidie, akaninyooshea kidole. "Usiniambie jina." Akakaa chini, akaniangalia. Ninatazama wapi, mkono wangu umeelekea wapi, ni saa ngapi, nimekula au bado. Alikuwa ananisoma kama Mzee Rajabu alivyoisoma nyumba. Nilitaka kumwambia acha kunitazama hivyo, nitaona haya. Lakini kusema kweli, hakuna mtu aliyekuwa amenitazama hivyo tangu mama yake.

Kila alipopatia kitu, alikuwa anabandua karatasi yake kwa ukucha. Ikatoka ya feni, ikatoka ya tivi, ikatoka ya presha. Alipatia, alikosea, tukacheka. Jikoni alipiga kelele na Mama Neema, wanabishana pilipili ni ngapi kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Siku ya kuondoka, mizigo yake iko mlangoni, boda boda anapiga honi nje. Nilikuwa nimemaliza sala, bado niko kwenye mswala. Nikanyoosha mkono. Sikusema kitu. Zaitun akaniangalia, akaingia chumbani, akarudi, akaniwekea kwenye kiganja kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia tasbihi, cha mama yake. Kifungo chake kimelika upande mmoja kwa dole gumba la Hadija.

Nilikuwa nataka tu aniinue, mwanangu. Magoti yangu. Lakini sikumwambia. Alikuwa amekosea vizuri kuliko mara zote alizopatia.

Akaenda. Nyumba imerudi na ukubwa wake. Bado iko karatasi moja, ile ya REDIO. Nimeiacha kwa ajili ya ile R. Kuna saa, hasa mchana mpira ukiwepo, mkono bado unanyanyuka wenyewe upande ule. Siugombezi. Naungoja ushuke.

Sasa nikwambie wazi, maana mzee akizunguka sana watu wanachukua simu zao. Usitume kidude ukadhani umefika wewe. Tuma, si vibaya, mimi feni yangu naipenda. Lakini nenda nyumbani, ukae, ukae mpaka uwachoshe. Kaa mpaka siku mama yako au baba yako aseme, "Niletee kile kidude," na mkono wako ujue njia. Hicho ndicho kipimo changu cha Senior Two: ukilazimika kuuliza "kipi", bado hujafika nyumbani, hata kama uko sebuleni. Na kama wako wameshaondoka, mtazame mzee anayekaa nyuma ya ukuta wako. Usikilize siku ambayo hatukani.

Mungu akupe mtu ambaye ukinyoosha mkono bila jina, hakuachi hewani. Akupe na macho ya kuwa mtu huyo kwa mwingine. Akurefushie siku, akuhifadhi magoti, na kila ukirudi kwenu ukute chai ina sukari na mlango haujafungwa. Amina.

Haya, Mama Neema ananiita huko nje. Anasema leo bado hajasikia matusi.